Flashi imenifia, disketi nazo zimeniaibisha

Nilitaka nisubiri hasira ziishe ndipo niandike na kutoa nyota zangu, lakini haziishi. Flashi yangu imekufa. Haikuugua hata siku moja. Jioni niliichomeka ikasoma, nikaichomoa kwa utaratibu wote, kesho yake naichomeka kompyuta inaniuliza kama ningependa kuifomati. Eti kuifomati, yaani kuifuta yote! Naangalia ukubwa wake, inasema sifuri.

Ndani mlikuwa na maandishi ya marehemu baba: ukoo wetu mzima, nani kamzaa nani, nani alihama na kwa ugomvi gani. Aliyachapa mwenyewe kwa vidole viwili, akayaweka kwenye disketi sita, vile vibao vya plastiki vya kuhifadhia faili zamani, zile ngumu za inchi tatu na nusu, kila moja na karatasi yake iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Miaka mingi nyuma mimi ndiye niliyeyahamishia kwenye flashi, nikijisifu kwamba nimeyaokoa. Disketi nikazitupia kwenye boksi la viatu. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Nikaenda kwa fundi. Kijana hakuinua hata uso kutoka kwenye simu yake. Akachomeka, akachomoa. "Imekufa hiyo, mzee. Una kopi nyingine?" Nikamwambia zipo disketi. Hapo ndipo aliponitazama, akaangua kicheko, akamwita na mwenzake aje wacheke wote. "Disketi! Peleka makumbusho, mzee wangu."

Tangu siku ile nimeshatunga majibu kama manane ya kumpa. Kwa taarifa yake, serikali ya Japani ilikuwa na kanuni za kutaka nyaraka ziletwe kwa disketi, na imemaliza kuzifuta mwaka 2024, si enzi za babu yake. Jeshi la Marekani nalo lilikuwa likitumia zile kubwa kabisa, za inchi nane, kwenye mfumo wa mawasiliano ya silaha za nyuklia mpaka 2019. Nyuklia, kijana! Na wewe unanichekea mambo ya ukoo.

Basi nikaazima kisomeo cha disketi cha kuchomeka kwa waya wa USB. Nikaiingiza ya kwanza. Kile kidude kikalia taratibu, krr, krr, krr, sauti niliyokuwa nimeisahau, halafu faili zikajipanga zote. Zaidi ya miaka 20 ndani ya boksi la viatu, na hakuna hata herufi moja iliyopotea! Pale pale nikaamua disketi ni nyota tano na flashi haistahili hata nusu. Tena disketi ina ile swichi ndogo ya plastiki pembeni: ukiisogeza tundu likabaki wazi, kompyuta haiandiki kitu juu yake, si virusi, si mtoto mtundu. Baba alikuwa amezifunga zote sita. Flashi yangu ilikuwa na tundu la kutundikia funguo.

Ya pili ikasoma vizuri. Ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Ile krr ikageuka kama msumeno unaokata bati, kompyuta ikaganda. Kwa pupa nikaitoa, nikaingiza ya nne. Msumeno ule ule.

Nikazirudisha disketi zote kwenye boksi la viatu, kaburi la wajinga, nikamwomba radhi fundi moyoni. Maana tusidanganyane, mambo haya tuliyaishi. Windows 95 ilikuja kwenye disketi 13, na siku ile iliyogoma kwangu ilikuwa ya 11. Picha moja ya simu ya leo haienei kwenye disketi moja. Nani ana hamu na hayo?

Halafu nikavuta kwa ukucha kile kibati cha ya tatu, kile kinachoteleza na kurudi chenyewe. Utando wa ndani, ule wa kahawia, ulikuwa na madoa meupe ya ukungu. Nikaivuta ya nne. Hiyo ilikuwa safi, haina ukungu, ila ilikuwa na mkwaruzo mmoja mwembamba uliozunguka duara zima, unang'aa kabisa, mpya. Nikakaa chini. Kwenye disketi kichwa cha kusomea kinagusa utando wenyewe, hakielei juu yake kama kwenye diski ngumu ya ndani ya kompyuta. Ukungu wa ya tatu ulikuwa umeganda kichwani, nami nikaupeleka kwa mkono wangu mwenyewe ukaikwaruze ya nne. Haikufa kwa uzee. Nimeiua mimi.

Nikasafisha kichwa kwa spiriti na pamba. Ya tano na ya sita zikasoma kama hazijawahi kuguswa. Ya tatu sijaithubutu tena.

Sasa nyota ngapi? Flashi naipa moja, na hiyo ni kwa sababu mfumo wa kutoa nyota haukubali sifuri. Msiniambie mambo ya kuhifadhi mtandaoni, nywila yangu ya kwanza huko naijua mimi na Mungu, na mimi nimesahau. Disketi nilitaka kuipa mbili, kisha nikajaribu programu inayonyonya kipande kwa kipande na kuruka palipoharibika. Ile ya nne iliyokwaruzwa ikanirudishia karibu nusu. Flashi hainipi hata nukta. Nne, basi. Au tatu, kwa sababu ya nne ndiyo yenye ukoo wa upande wa mama, na maandishi yanakatika katikati ya jina la bibi yake: "Mwana", halafu takataka za alama mpaka mwisho wa ukurasa.

Mama mdogo anasema alikuwa Mwanaidi. Mjomba anaapa ni Mwanakombo, na tangu Jumapili hawasemezani.