RTL-SDR mezani kwa fundi: kuikagua CC1101 inayorusha wimbi lisilo na ujumbe

Kijiti cha RTL-SDR kilizaliwa kwa ajili ya kupokea televisheni ya kidijitali kwenye kompyuta. Tangu 2012, ilipobainika kwamba chipu yake ya RTL2832U inaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi, mafundi wa redio wamekifanya kipokezi cha karibu kila kitu. Kijiti chenye tuna (chipu ya kuchagua masafa) ya R820T husikia kuanzia takriban MHz 24 hadi MHz 1,700 na ushei. Mimi nakitumia zaidi kukagua kinachotoka kwenye chipu za transiva (zinazorusha na kupokea mawimbi ya redio), hasa CC1101, na kwa kazi hiyo nakipenda kwa dhati.

Sababu ni hii: osiloskopu nyingi za mezani hazifiki MHz 433. Zitakuonyesha SPI, nyaya za kuwasiliana na chipu, vizuri, zitakuonyesha pini ya GDO0, lakini kinachoelekea kwenye antena hutakiona. Rejista zote, yaani nafasi za mipangilio ndani ya chipu, zinaweza kusomeka sawasawa, MARCSTATE inayoonyesha hali ya chipu ikarudisha 0x13, maana yake chipu inarusha, na bado upande wa pili pakawa kimya.

Kilichonifanya nikiamini kijiti hiki ni moduli iliyopaswa kutuma vipimo vya joto kwa OOK, yaani kwa kuwasha na kuzima wimbi, kwenye MHz 433.92. Kwenye skrini ulijitokeza mstari mmoja mnyoofu, usiokatika. Wimbi lilikuwepo, modulesheni (kulibebesha wimbi ujumbe) haikuwepo. Picha hiyo peke yake iliniondolea nusu ya washukiwa: umeme ni mzima, kristali inafanya kazi, masafa ni sahihi. Palibaki PATABLE, jedwali la viwango vya nguvu ya kurushia. Katika OOK, CC1101 huchukua nguvu ya biti 0 kutoka nafasi ya kwanza ya jedwali hilo, na nguvu ya biti 1 kutoka nafasi inayoelekezwa na rejista ya FREND0. Ukiandika baiti moja tu ya 0xC0 na kuiacha FREND0 kwenye 0x10 iliyotoka nayo kiwandani, sufuri na moja zote hurushwa kwa nguvu ileile. Nikaandika 0x00 kisha 0xC0, FREND0 ikawa 0x11, na papo hapo mstari ukakatikakatika kuwa vipande, vifupi na virefu, kama inavyotakiwa.

Kisha moduli ikilala na kuamka, vile vipande vikawa vinatoweka. Jibu limeandikwa kwenye datashiti, ila wengi hulipita: chipu ikiingia SLEEP, PATABLE hubakiza baiti ya kwanza tu. Kwenye OOK baiti hiyo ndiyo ile ya sufuri! Jedwali liandikwe upya kila chipu inapoamka.

Kwa FSK, ambapo biti hutofautishwa kwa kusogeza masafa, kijiti kinapendeza zaidi. DEVIATN, rejista ya kiasi cha kusogea, ikiwa 0x47 na kristali ikiwa ya MHz 26, kila upande unasogea kHz 47.6, kwa hiyo utaona vilima viwili vilivyoachana kama kHz 95. Ukiona kimoja tu kimesimama, data haibadiliki, na ukiwa kwenye hali ya asinkroni, ambapo data huingizwa moja kwa moja kupitia pini, anza na GDO0: chipu ikiwashwa, pini hiyo hutoa saa, na isipobadilishwa itashindana na data unayoiingiza. Usipoona chochote, angalia kristali. Hesabu za MHz 26 zikiwekwa kwenye ubao wenye kristali ya MHz 27, mawimbi yatatokea karibu na MHz 450.6, nje kabisa ya dirisha la MHz 2.4 ambalo kijiti hulionyesha kwa uhakika.

Nguvu, hapana, sikiamini. Kina biti 8 tu, na desibeli zake hazijapimwa dhidi ya kiwango chochote. Kisambazaji kikiwa meza moja nacho kinakilemea, na skrini hujaa vivuli vya mawimbi yasiyokuwepo. Zima ukuzaji wa kiotomatiki, ushushe hadi chini, ng'oa antena ya kijiti. Ukiona kitu kwenye MHz 867.84, usikimbilie kuilaumu CC1101 kwa kutoa mawimbi ya masafa maradufu. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 mbele ya kijiti: kilima kikishuka kwa desibeli 20 badala ya 10, kijiti chenyewe ndicho kimekizalisha.

Tafuta kijiti chenye TCXO, kristali inayofidia mabadiliko ya joto. Kristali ya kawaida inaweza kupotoka kwa makumi ya ppm (sehemu kwa milioni), na kwenye MHz 433.92 kila ppm 1 ni Hz 434. Kwa ppm 50 unafukuza kosa la kHz 22 ambalo si la chipu yako.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Anayefanya kazi na CC1101 au transiva nyingine za chini ya GHz 1 akinunue bila kusita. Wa nRF24L01 asubiri, kwa kuwa GHz 2.4 iko juu ya uwezo wake.