Kitabu cha zamani cha mapishi ya dunia kwenye jiko la mkaa, Mtwara: uzoefu wangu

Nimepika kwa kitabu hiki msimu mzima wa korosho, tangu mabibo yalipoanza kudondoka mwezi wa kumi, na sasa naona naweza kukisemea. Ni kitabu cha Kiingereza cha mapishi ya nyumbani ya nchi mbalimbali, kinene, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na Soko Kuu hapa Mtwara mjini. Jalada la mbele halipo na kurasa za mwanzo zimechanika, kwa hiyo jina lake wala la mwandishi sina. Umri wake lakini unajulikana ukikisoma. Ghana imo kwa jina lake, kwa hiyo si cha kabla ya 1957. Sri Lanka bado inaitwa Ceylon, jina lililoachwa 1972. Na kule nyuma kuna tangazo la vitabu vingine lenye bei za shilingi na peni, hesabu ambayo Waingereza waliiacha Februari 1971.

Kilichonifanya nikipende ni sura ya Brazili. Nilipoifungua nilikuta nazi, korosho, karanga, kamba wakavu, muhogo, tangawizi, samaki wa baharini. Hivyo vyote navipata bila kupanda gari. Na si ajabu, kwa sababu mkorosho wenyewe ni mti wa Brazili, Wareno ndio walioupeleka Msumbiji na India katika karne ya 16. Muhogo na karanga navyo asili yake ni Amerika ya Kusini. Mnazi na tangawizi vikaenda upande wa pili, kutoka huku kwetu na Asia kwenda kwao. Kwa hiyo mpishi wa Bahia, jimbo la pwani kule Brazili, na mpishi wa Mikindani hapa kwetu wana kapu moja la sokoni, na hakuna kitabu kingine kilichowahi kunionyesha hilo.

Pishi ninalolirudia zaidi ni vatapá. Unaloweka mkate mkavu kwenye tui jepesi. Unasaga korosho, karanga na kamba wakavu waliopashwa kidogo kwenye kikaango, pamoja na kitunguu na tangawizi. Vyote unavichanganya jikoni, unaongeza tui zito, unakoroga bila kuondoka mpaka uji ule uwe mzito na uanze kuachana na sufuria. Mwisho unatia mawese. Mimi kamba wakikosekana natumia uduvi, na haipungui kitu. Kuhusu korosho, nunua zile vipande. Bei yake ni nafuu kuliko nzima, na kwa kuwa utazisaga, uzima wake haukusaidii. Kitabu kinasema usage kwa mashine ya mkono ya kusagia nyama. Kinu kinafanya kazi nzuri zaidi, kwa sababu mafuta ya korosho yanatoka taratibu na chakula kinakuwa laini bila kuwa gundi.

Mama mkwe wangu, Mmakonde wa Newala, aliionja akasema, "Mwanangu, hiki ni kisamvu kisichokuwa na majani." Alisema kweli. Ukitwanga kisamvu, ukakiunga kwa karanga na tui, ladha ya chini ni ileile. Na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma wana matapa yao, majani ya muhogo kwa karanga na nazi, na wapo wanaotia korosho. Ningetamani mwandishi angepita huku akayaona hayo.

Maana hapo ndipo kitabu kinaponiumiza. Sura ya Afrika ni kurasa chache tu: supu ya karanga ya Ghana, kuskusi ya Moroko, na vitu viwili vitatu vya Afrika ya Kusini. Pwani yetu haimo kabisa. Hakuna wali wa nazi, hakuna mchuzi wa papa, hakuna mkate wa kumimina. Waingereza hawa walianza mradi wa karanga mwaka 1947, wakalima mpaka Nachingwea, wakaanza bandari ya Mtwara na reli kwa ajili ya karanga hizo, mradi ukafa 1951. Watu waliokaa hapa na kula hapa walirudi kwao. Miaka michache baadaye kinachapishwa kitabu cha mapishi ya dunia nzima, na mapishi ya wenyeji wao hayakuonekana kuwa yanastahili hata ukurasa mmoja. Nasema hivi kwa uchungu, si kwa kukidharau kitabu. Hiyo supu ya karanga ya Ghana iliyomo ni nzuri mno, ipike: kuku, nyanya, karanga zilizokaangwa na kusagwa, pilipili nzima ielee juu bila kupasuka.

Pishi la pili ambalo peke yake linatosha kulipia kitabu ni pweza wa Kigiriki. Sisi tunajua kumpiga pweza mpaka alegee, tunamchemsha, tunamtia nazi au tunamkaanga. Wagiriki wanamweka kwenye sufuria kavu, bila maji hata tone, wanafunika, moto mdogo. Pweza anatoa maji yake mwenyewe, mengi kuliko unavyotarajia, na anaiva ndani ya hayo. Maji yakikaribia kukauka ndipo unatia mafuta, vitunguu vingi, nyanya, mdalasini na siki. Kitabu kinataka divai nyekundu. Nyumbani kwetu pombe haiingii jikoni, kwa hiyo natumia ukwaju ulioloweshwa na kukamuliwa, na naamini umemfaa pweza kuliko divai ingemfaa, maana unaleta uchachu na rangi kwa pamoja. Nunua pweza asubuhi pale Feri. Tunamla kwa muhogo wa kuchemsha, na ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kusini, ikiwepo, kwa ming'oko.

Vipimo vitakusumbua mwanzoni. Aunsi ni karibu gramu 28, ratili ni gramu 454, painti ya Kiingereza ni mililita 568. Usichanganye na painti ya Marekani, ambayo ni ndogo, mililita 473. Joto la oveni limeandikwa kwa Farenhaiti; 350 ni karibu nyuzi 180 za Selsiasi. Nimeandika haya kwa penseli ndani ya jalada la nyuma na sihesabu tena. Oveni yenyewe sina, napalia kama kawaida yetu: sufuria nzito, mchanga mkavu chini, chombo cha keki juu ya mchanga, mfuniko wenye makaa. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Keki za kitabu hiki nyingi zinakubali, isipokuwa zile zinazoumuka kwa mayai peke yake na kutaka joto lisiloyumba, hizo niliziacha.

Kuna jambo moja la kuangalia sana katika sura ileile ya Brazili. Wanapoandika unga wa muhogo wa kunyunyizia juu ya chakula, wanamaanisha unga wa chengachenga uliokwishaiva: muhogo umekunwa, umekamuliwa maji, umekaangwa mpaka ukakauka. Unga wetu wa ugali unaotokana na makopa si huo, ni mbichi na laini. Ukiunyunyizia kwenye maharage hivyo hivyo utakula vumbi. Na kama utajitengenezea mwenyewe kwa kukuna, tumia muhogo mtamu, ule mchungu una sumu inayohitaji kazi ndefu kuitoa. Kitabu hakisemi neno juu ya hilo.

Mapungufu mengine nayataja haraka. Mboga za majani zinachemshwa mpaka zinapoteza rangi. Punguza muda kwa nusu. Sura za Asia zinategemea binzari ya kopo kwa kila kitu, hata pale ambapo iliki, pilipili manga na mdalasini vingesema zaidi, na sisi watu wa pwani hivyo hatukosi. Nyama ya nguruwe imo kwingi Ulaya, ila mapishi mengi kati ya hayo yanakwenda vizuri kwa mbuzi ukiongeza muda. Gulashi, mchuzi wa nyama wa Hungary, inataka unga wa pilipili nyekundu isiyowasha, na huo niliagiza Dar. Picha ni chache, hazina rangi.

Kinachonivutia zaidi ni namna kinavyozungumza na mpishi. Hakidhani kwamba una friji. Kinakwambia nyama ikae usiku kwenye siki na vitunguu, maziwa yachachuliwe, samaki akaushwe kwa chumvi. Kimeandikwa kwa mtu anayepika kwa ajili ya watu wengi kwa pesa kidogo, na anajua kupima kwa jicho. Mara nyingi kinasema pika mpaka harufu ibadilike, au mpaka mafuta yapande juu. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyonifundisha, na mapishi ya kwenye simu yanayohesabu dakika hayanifundishi hivyo.

Nilikilipia shilingi elfu kumi na tano na nisingekiuza kwa mara tatu yake. Ukikipata kama hiki, hata Lindi au Masasi, kabla hujatoa pesa fungua nyuma uone kama faharasa ipo kamili, kwa sababu imepangwa kwa vyakula: unatafuta nazi, unapata kila nchi inayopikia nazi. Halafu kagua mshono, maana hewa ya bahari inaozesha uzi na kurasa zinatoka kwa mafungu. Changu kimepoteza sura nzima ya Ureno hivyo. Mwenye nakala iliyo na kurasa hizo na aniambie. Picha za simu zinanitosha, nami nitampa za Brazili akizihitaji.