Linta ilinikemea kila mstari, kitufe cha kulipa ikakiacha

Nina hasira, nisomeni hivyo hivyo: naipima kanuni moja kwa nyota. Tangu Kaskazi nimewasha ile kanuni ya linta (programu inayokagua msimbo) ya lugha ya Dart inayotaka kila `Future<void> Function()` iandikwe kwa lakabu yake, `AsyncCallback`. Edita ikawa njano kama embe ngowe. Nikarekebisha zote.

Majuzi kitufe cha kulipia tiketi za boti ya Mokowe kuja Lamu kikatuma maombi mawili ya malipo kwa abiria mmoja. Mtandao ulilegea, akabonyeza tena. Linta kimya!

Sababu ni hii: uga wa kitufe ulikuwa `VoidCallback`, yaani `void Function()`. Ukiupa funksheni ya `async`, yaani ya kazi inayokamilika baadaye, Dart haisemi neno, maana `void` hupokea jibu lolote na kulitupa. Hakuna anayesubiri malipo yaishe, na yakikwama, `try` iliyo nje hailidaki kosa. Kanuni husaka umbo moja tu, na hapo halikuwepo. Lakabu yenyewe haizai aina mpya: punda wa Mkomani mwite farasi, atabeba mawe yale yale.

Dawa: `final AsyncCallback kulipa;`. Kitufe kikibonyezwa, weka `_inalipa = true` ndani ya `setState`, na ikiwa kweli `onPressed` ipewe `null` ili kitufe kizimike. Kisha `await widget.kulipa()` ndani ya `try`. Kwenye `finally` angalia `mounted` (kama kitufe bado kipo kwenye skrini) kabla ya kukiwasha tena. Mtu akileta funksheni ya `void` hapo, kompaila inamkatalia.

Haya, kanuni nisiidhulumu. Kilichonionyesha kosa ni majina: `VoidCallback` peke yake katikati ya `AsyncCallback` kumi, jicho likakwama. Mabano matupu ya `void Function()` yangenipita. Nyota moja niliyokusudia kuipa naifanya tatu. Ila kanuni iliyostahili kuwashwa kwanza ni `avoid-passing-async-when-sync-expected`, inayokemea `async` ikipewa pasipoisubiri, japo nayo itakupigia kelele kwenye kila `onPressed` yenye `async`.

Na kwenye pakiti ya Dart tupu, ile ya seva? `AsyncCallback` imo ndani ya `foundation.dart` ya Flutter, zana ya kujengea programu za simu kwa Dart, huko haifiki. Unaandika `typedef` (lakabu) yako, halafu faili la programu ya simu likiingiza zote mbili, jina linagongana hadi uweke `hide` kulificha moja. Faili kumi na nne nimeweka `hide`. Nyota mbili.