Faili la faragha la Apple: zuri, ila lebo bado unajaza kwa mkono

PrivacyInfo.xcprivacy, faili ambamo programu ya iPhone hutangaza inavyotumia data za watu, inawafaa wanaotengeneza programu kwa sprinti fupi (awamu za kazi za wiki chache) kwa sababu inakaa ndani ya msimbo: anayeongeza aina mpya ya data anaitangaza katika badiliko lilelile, na mkaguzi anaiona hapohapo.

Inabeba mambo manne: kama programu inafuatilia watu, vikoa (anwani za mtandaoni) vya ufuatiliaji, aina za data, na sababu za kuita API fulani (huduma za mfumo ambazo programu huziomba). Hapo pa mwisho ndipo wengi hukwama. Hata UserDefaults, hifadhi ya mipangilio midogo iliyozagaa kila mahali, inadai sababu, mara nyingi ile yenye msimbo CA92.1; ukisahau, unarudishiwa ujumbe wa kosa ITMS-91053. Tangu Mei 1, 2024 App Store haipokei programu yenye pengo hilo. Vikoa navyo vina mtego: kuanzia iOS 17, maombi ya kwenda kikoa ulichoorodhesha hukatwa mpaka mtumiaji akubali kufuatiliwa, kwa hiyo usitumie kikoa hichohicho kuingizia watu kwenye akaunti.

Kwenye Organizer, dirisha la Xcode (zana ya Apple ya kutengenezea programu), bofya kulia toleo lililohifadhiwa, chagua Generate Privacy Report, unapata PDF. Ripoti hukusanya yaliyotangazwa tu, msimbo haiupimi. Na kuyahamishia App Store Connect, tovuti ambako unajaza lebo ya faragha inayoonekana kwenye ukurasa wa programu yako, ni kazi yako, kipengele kwa kipengele. Uvivu wa ajabu huo wa Apple.