Nilipeleka injini ioshwe, nikatoka na gari ya silinda tatu

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hivyo mnivumilie. Kuna kaa woshi moja hapa Kisumu, upande wa Kondele, jina sitaji kwa sababu sitaki maneno ya mawakili, lakini wenye hupeleka gari huko watajua nasema nini. Kwa kuosha bodi sina neno. Yaani wale vijana wanajua kazi, ule udongo mwekundu wa Vihiga wenye hukaukia ndani ya madigadi wanautoa wote, zulia zinarudi zinanukia, hata chini ya kiti walinitolea hereni yenye nilikuwa nimeshaiombolezea. Bodi wapelekee. Injini usiwape. Hata wakikuambia ni bure usiwape.

Na sikuwa naosha injini ndio ing'ae, hiyo naomba ieleweke. Toyota Fielder yangu ilikuwa inavuja oili, matone kila asubuhi kwa simiti, na fundi wangu wa Kibuye akaniambia mama, hapa oili na vumbi zimeshikana miaka na miaka, siwezi kujua kama ni gaskiti ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ama ni sili ya krenki huku chini, nenda ioshwe ikauke, uiendeshe kidogo, halafu tufungue boneti tuone kunaanza kulowa wapi. Maneno ya maana kabisa. Kazi ilikuwa hiyo tu, mtu aone mahali oili inatokea.

Nilifika hapo nikitoka Kakamega, gari imeteremka kutoka Chavakali mpaka Mamboleo nyuma ya malori, injini moto hata boneti ukiigusa unatoa mkono mbio. Nikamwambia kijana aiache ipoe kwanza, mpaka mtu aweze kuweka kiganja juu ya tapeti kava na kukaa nacho. Halafu afungue tamino ya negativu ya betri. Halafu afunike alteneta, fyuzi boksi, mdomo wa eya klina na zile koili nne za kupeleka moto, zenye zimekaa juu ya plagi. Na kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku tangu 2017 na najua hapo hawana, nilikuwa nimebeba yangu kutoka nyumbani, makaratasi ya mkate, yale ya plastiki, nimeyaweka kwa wingi na raba bendi juu. Nikampa mkononi. Akasema sawa mathe. Nikaenda kwa kibanda kununua soda.

Soda sijafika nusu nasikia mashine ya presha inanguruma. Kuangalia, boneti iko juu, mvuke umepanda mpaka kijana mwenyewe haonekani, na ile bunduki ya maji ameielekeza katikati kabisa ya injini. Nikapiga mbio na viatu vya kanisa. Maji baridi kwa mkono wa ekzosti wenye umetoka kuchemka! Chuma cha moto kikishtuliwa hivyo kinaweza kupasuka, na kikipasuka hakuna mtu hapo atanilipia.

Ndio akaja supavaiza. Mtu mzima, gambuti hadi magotini, anatafuna muwa. Nikamuuliza kwa heshima, mzee wangu, si nilisema ifunikwe? Akanitazama kutoka chini mpaka juu, akang'ata muwa, akasema, "Madam, hii kazi tumeifanya kabla ununue gari." Nikamuuliza tamino je, akasema wakitoa tamino redio itaitisha kodi, yaani namba za siri za kuifungua, halafu niwaletee kelele. Hapo nikuwe mkweli, hiyo ya kodi si uongo, hizi redio za Toyota kutoka Japani ukitoa betri nyingi zinajifunga kweli. Lakini redio yenyewe ilitengenezewa masafa ya kwao, inaishia karibu FM 90, stesheni zetu nyingi haishiki, mimi husikiliza simu tangu ninunue gari! Si angeniuliza? Redio bubu imechungwa, koili zikapigwa maji.

Nikaambiwa nirudi nikakae, imebaki kukaushwa. Kukausha kwenyewe ni kitambaa juu juu, halafu wakapuliza kitu kwa chupa ya spreya. Mipaipu ikang'aa nyeusi tititi, kila mtu anasifu. Nikalipa 500 ya injini na pesa ya bodi kando.

Kufika chini ya daraja la Kondele gari ikaanza kumisi. Ukiikanyaga inavuta pumzi halafu inakataa, usipoikanyaga inatetemeka kama posho mil, na taa ya injini kwa dashibodi inawaka na kuzima. Sikizeni, hiyo taa ikiwaka ikabaki, unaweza kujivuta polepole mpaka kwa fundi, lakini ikianza kupepesa simamisha gari. Inamaanisha petroli haichomeki ndani ya silinda, inaenda kuchomekea kwa ekzosti, na itakuulia ile konvata ya kusafisha moshi ambayo bei yake hutaki kuisikia. Kwa hivyo nikasimama. Pale pale. Mnaijua Kondele saa kumi na moja jioni? Matatu zinapiga honi, mtu wa boda ananipita akipiga kelele "mathe gari inamisi!" kama sijui, na mwingine anashauri nikanyage mafuta sana ndio maji yatoke.

Fundi alikuja na pikipiki. Akatoa koili ya kwanza, ndani ya shimo la plagi kumesimama maji. Ya pili unyevunyevu. Ya tatu maji tena, na koili yenyewe ina ufa, moto ulikuwa unarukia pembeni badala ya kuteremka kwa plagi. Akanieleza ule mpira wa koili ukizeeka unazuia mvua na maji ya kumwagika, lakini presha hauzuii. Ndio sababu unafunika, na ndio sababu hata ukifunika hutumii mashine. Ile koili ikabidi ninunue nyingine ya ex-Japan, yaani mtumba wa Japani, shilingi 2,500.

Sasa ngoja, hiyo bado sio yenye iliniuma. Fundi akainama na tochi atafute ule mvujo tulikuwa tunautafuta. Akanusa. Akapitisha kidole kwa tapeti kava, akaniangalia, akasema, mama, hawa wamekupulizia dizeli.

Dizeli! Ndio ule mng'ao wote. Injini nzima iko na mafuta, kila gaskiti imelowa, kila kona inameta, utajua aje oili inatoka wapi? Na dizeli inalainisha mipira ya mipaipu, feni belti ikaanza kulia asubuhi yake, na vumbi ya barabara inaganda hapo mara mbili. Na fikiria mafuta hayo juu ya ekzosti ya moto. Nililipa pesa nitolewe uchafu ndio nione, wakaniwekea mwingine wenye unapendeza.

Nikarudi huko. Sikwenda na matusi, nilienda na koili imefungwa kwa gazeti. Supavaiza hata hakuifungua. "Gari ilikuja hivyo." Nikamwambia ilikuja ikiunguruma kwa silinda nne. Akasema wanawake tunaendesha gari bila sevisi halafu tunatafuta wa kulaumiwa, akanionyesha kibao kwa ukuta ati gari linaoshwa kwa jukumu la mwenyewe, na makapi ya muwa akayatema karibu na kiatu changu. Labda hakulenga. Hapana, alilenga.

Yule kijana naye alinifuata mpaka kwa geti akasema pole mathe, sisi tunalipwa kwa gari, tukifunika na kusubiri ipoe tunapata ngapi kwa siku? Hapo roho ikalainika kidogo, nikasema basi nitaandika tu kwamba wana haraka, nisiwaharibie vijana kazi. Nikafungua mlango wa nyuma kuweka ile koili. Makaratasi yangu ya mkate yote yako kwa kiti, yamekunjwa vizuri, na raba bendi iko juu. Hakuna hata moja ilifunguliwa. Huruma ikaniisha hapo hapo.

Kwa wenye watauliza, fundi aliirudia mwenyewe Jumapili, mbele yangu. Gari ililala imepoa. Tamino nje, karatasi za mkate zikafungwa kila mahali nilisema. Sabuni ya kawaida ya kutoa mafuta, hakuna petroli wala mafuta taa, hizo zikibakia na waya ikapiga cheche mnaita zima moto. Brashi ya rangi kuukuu kwa kona, mswaki kwa mahali padogo, kusuuza kwa kopo polepole kuanzia chini ya koili, halafu hewa ya kompresa mpaka kwa plagi za waya, boneti ikaachwa wazi kwa hili jua letu la Kisumu kabla ya kuwasha. Haikumisi hata kidogo. Na baada ya kuiendesha kidogo tukaona, ni gaskiti ya tapeti kava, kona ya nyuma. Gaskiti tu! Imebadilishwa, simiti imekauka.

Nilitaka kumalizia na nyota mbili, moja ya zulia na moja ya hereni. Lakini nikiwa katikati ya kuandika hii, simu imeingia ujumbe kutoka kwa kaa woshi. Koili hawataji, 2,500 hawataji. Ati madam tunakuthamini, karibu wikendi tukuoshee gari bure, bodi, zulia, na injini pia.

Injini pia!