Kununua mtoto wa mbwa Kampala: rangi ya kuchukua na rangi ya kuacha

Picha za watoto wa mbwa zikitumwa kwa WhatsApp, bei hupandishwa na rangi. Wa kawaida ni rahisi, mweupe ghali, na mwenye mabaka ya kijivu na jicho la bluu ghali kupita wote. Mimi nawapanga karibu kinyume. Chembe zinazotia manyoya rangi zinahitajika pia ndani ya sikio, na zikikosekana huko mbwa huwa kiziwi.

Nafasi ya kwanza nampa mwenye rangi ya mchanga, au mweusi mwenye mabaka ya kahawia, pua na kope zikiwa nyeusi. Ndivyo walivyo mbwa wetu wengi wa kienyeji na German Shepherd wengi. Pesa utakayookoa ipeleke kwenye chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa mbwa, inayoanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mpaka wiki ya 16, kisha ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3.

Wa pili ni mweusi tupu, mradi apate kivuli mchana. Ila kama unaishi penye mbung'o, fikiri tena: mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu wadudu hao huvutwa na rangi hizo, na mbwa akipata nagana, ugonjwa wanaouambukiza, macho huingia ukungu.

Wa tatu, Labrador wa rangi ya chokoleti. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 kuhusu Labrador wa Uingereza ulikuta urefu wa kati wa maisha yao ni miaka 10.7, wenzao weusi na wa manjano 12.1, na magonjwa ya masikio na ngozi yalikuwa mengi zaidi kwao.

Mweupe ni wa nne, na hapa ndipo watu hukosea sana. Spitz mweupe mwenye pua nyeusi na macho meusi hana neno; weupe wake hautoki kwenye kasoro hiyo ya chembe. Wa kuogopwa ni mwenye pua ya waridi, kope zilizopauka na jicho la bluu. Kati ya Dalmatian 10 (mbwa weupe wenye madoa) waliopimwa Marekani, karibu 3 hawasikii sikio moja au yote mawili. Jirani yangu wa Ntinda alinunua mmoja mweupe awe mlinzi. Geti liligongwa, bodaboda zikapiga honi, mbwa amelala tu. Walimchapa wakidhani ni mvivu, na hilo linaniuma mpaka leo. Tena jua letu la ikweta huunguza pua na ncha za masikio zisizo na rangi, na vidonda vyake vinaweza kugeuka saratani.

Wa tano ni kijivu cha bluu, hasa Doberman. Wengi wao hunyonyoka manyoya wakikua, ngozi ikawa na magamba na vipele, na tiba ya kuliondoa tatizo haipo.

Wa mwisho kabisa ni mwenye mabaka ya marumaru, yule wa mabaka ya kijivu anayeuzwa ghali kupita wote. Mzazi mmoja akiwa hivyo, si vibaya. Wakiwa wote wawili, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi dozi mbili za rangi hiyo, moja kwa kila mzazi, na hao ndio huzaliwa karibu weupe, wengi wakiwa viziwi au na macho madogo yasiyoona. Dai kuwaona baba na mama.

Usihukumu jicho la bluu kwa mtoto wa wiki 5, kwani wote huanza hivyo; ngoja afike wiki 8. Kisha mtenge na ndugu zake, maana kiziwi huiga wanayofanya wenzake. Akisinzia, simama nyuma yake na utikise funguo. Usipige mguu chini, atahisi mtikisiko. Muuzaji akikataa jaribio hili, ondoka.