Kabla Hujalipia Programu ya Kuchora, Uliza Faili Lako Litafunguliwa na Nani

Mwaka jana nilichora picha 27 za kitabu cha watoto kwa programu niliyokuwa nimeilipia kwa mwaka mzima, na miezi miwili baada ya malipo hayo kwisha mteja aliniandikia kwamba gauni la mhusika mkuu, ambalo sote tulikubaliana liwe la kijani, sasa analitaka liwe la njano. Ombi lenyewe lilikuwa dogo. Gauni lilikaa kwenye leya yake peke yake (leya ni kama karatasi angavu inayopangwa juu ya nyingine), vivuli vyake kwenye leya nyingine juu yake, na mistari ya wino juu kabisa, kwa hiyo kazi ilikuwa ni kuishika leya moja, kuimwagia rangi mpya na kuhamia picha inayofuata. Nilipobofya faili la kwanza, programu ilifunguka hadi kwenye dirisha lenye kitufe kimoja tu cha kulipia upya, ikaganda hapo. Nilijaribu programu nyingine tatu na hakuna hata moja iliyolitambua faili hilo. Nilichobaki nacho ni nakala za JPEG nilizokuwa nimemtumia mteja, ambazo ndani yake gauni, kivuli na wino vimekwisha shikamana kuwa kitu kimoja. Nikalipa mwezi mzima ili nibadilishe rangi ya gauni.

Programu hiyo siitaji jina, kwa sababu nusu ya kosa lilikuwa langu. Niliichagua kwa vigezo ambavyo kila mwongozo hutanguliza, yaani wingi wa brashi, uzuri wa menyu na kasi ya kufunguka. Humu nitavipita vigezo hivyo. Kila programu ya kuchora inayostahili fedha yako ina brashi nyingi kuliko utakazowahi kutumia. Mimi hutumia tatu, na moja kati ya hizo ni ya kufutia. Kupokea mgandamizo wa kalamu, ili mstari unenepe unapokandamiza na kukonda unapolegeza mkono, nako si jambo la kujivunia tena. Swali ambalo sikuliuliza, na ambalo wauzaji hawaligusi, ni hili: siku nitakapoacha kulipa, au nitakapobadilisha kifaa, nani mwingine ataweza kulifungua faili langu likiwa na leya zake zote?

Kwa anayeanza, maelezo kidogo yanahitajika. Picha unayoichora huhifadhiwa kwanza katika faili la programu yenyewe, nalo ndilo linalotunza kila leya, jina lake, maski zake (vifuniko vinavyoficha sehemu ya leya bila kuifuta) na namna rangi zake zinavyochanganyika na zilizo chini. Programu iitwayo Krita huliita KRA, GIMP huliita XCF, Clip Studio Paint huliita CLIP. PNG na JPEG ni nakala za kutazama tu, kwani leya zote hubanwa kuwa moja, na JPEG huongeza hasara ya kupunguza taarifa za rangi ili faili liwe dogo. Katikati yake kuna PSD, faili la Photoshop, programu iliyotoka mwaka 1990 na kupata leya katika toleo lake la tatu mwaka 1994. Kwa kuwa ilitangulia na ikaenea, programu nyingine nyingi zilijifunza kulisoma na kuliandika faili lake, na leo PSD ndiyo lugha ambayo programu hizi husikilizana kwayo, ingawa kila moja huizungumza kwa lafudhi yake.

Lafudhi hiyo ndiyo unayopaswa kuipima wakati wa siku za majaribio, kabla hujatoa chochote. Fungua turubai mpya, yaani ukurasa mtupu wa kuchorea, uweke leya nne: moja ya rangi tupu, ya pili ya kivuli iliyowekwa katika hali ya kuzidisha rangi (Multiply), inayotia giza rangi zilizo chini, ya tatu yenye maski iliyoficha nusu yake, na ya nne yenye neno moja lililoandikwa kwa zana ya maandishi. Hifadhi kazi hiyo kama PSD, kisha uifungue katika programu nyingine kabisa. Photopea inatosha, maana hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa. Ukikuta leya nne zenye majina uliyozipa, kivuli bado kinazidisha na maski bado inaweza kuzimwa na kuwashwa, umepata programu isiyokushika mateka. Katika nyingi neno lako litakuwa limegeuka picha usiyoweza kuihariri, na hilo nalisamehe. Lakini ukikuta leya moja tu, funga programu hiyo na uendelee na maisha yako. Zoezi zima halizidi dakika kumi, na lingeniepusha na gauni la njano.

Kwa kipimo hicho naiweka Krita ya kwanza, wala sitajifanya sina upande. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, iliyozaliwa ndani ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu za namna hiyo, na jina lake ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Huendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, na hupatikana bure kwenye tovuti yake yenyewe, ilhali kwenye duka la mtandaoni la Steam na kwenye duka la Microsoft huuzwa, na fedha hizo huwasaidia wanaoiandika. Mimi niliinunua huko nikijua kwamba ningeweza kuipata bila malipo, na sijawahi kujutia. Kinachonivutia kwake ni faili. KRA si sanduku lililofungwa kwa kufuli. Ni kifurushi cha ZIP cha kawaida kilichovishwa jina jingine. Tengeneza nakala ya faili lako, badilisha kiishio cha jina kutoka kra kuwa zip, kisha ulifungue kama unavyofungua kifurushi chochote. Utakuta humo picha nzima iitwayo mergedimage.png, na pembeni yake faili la maandishi liitwalo maindoc.xml linaloorodhesha leya kwa mpangilio wake. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikutana na maneno “gauni kivuli”, jina nililoliandika mwenyewe wakati wa kuchora, likisomeka ndani ya kihariri cha maandishi kisichojua lolote kuhusu uchoraji. Hata kama programu yenyewe ingetoweka kesho, picha ningeitoa. Zaidi ya hayo, kila unapohifadhi, Krita hubakiza nakala ya toleo lililotangulia, ambayo jina lake humalizika kwa alama ya wimbi, nayo imeniokoa zaidi ya mara moja nilipohifadhi upuuzi juu ya kazi nzuri.

Kasoro inazo. Zana yake ya maandishi imekuwa ikiwatesa watumiaji kwa miaka mingi, haipo kwenye iPad, na kuhariri picha za kamera si kazi yake ya asili. Anayeanza ataona pia vidirisha vingi kupita kiasi pembeni mwa turubai. Vifunge vyote ubakize brashi, rangi, leya na mipangilio ya zana, kisha katika hiyo mipangilio ya zana uwashe utulizaji wa mkono, ambao hulainisha mtetemo wa mstari. Hayo yanatosha kwa miezi mitatu ya kwanza.

Ya pili ni Clip Studio Paint ya kampuni ya Celsys ya Japani, na kwa mtu anayetaka kuchora katuni za kurasa ningekuwa mkaidi nisipokiri kwamba inaizidi Krita. Leya yake ya vekta huuhifadhi mstari kama mstari badala ya nukta za rangi (pikseli), kwa hiyo unaweza kuunenepesha baada ya kuuchora, na kifutio chake huweza kuondoa kipande kilichovuka hadi pale mistari inapokutana, bila kugusa kingine. Ukichora nywele zinazopishana utaelewa kwa nini watu huipenda. Toleo la PRO linamtosha anayeanza, na EX ni la mwenye hadithi ya kurasa nyingi. Hata hivyo, kwenye kipimo changu huteleza kidogo: CLIP husomwa na programu chache, na ukihifadhi kama PSD ile mistari ya vekta hugeuka pikseli, nusu ya raha yake ikabaki nyumbani. Halafu kuna suala la leseni. Waliolipa mara moja walizoea kupata masasisho bila kuongeza kitu, mpaka mwaka 2023, toleo la pili lilipokuja na utaratibu kwamba aliyelipa mara moja amelipia toleo lile tu, na anayetaka vipya aongeze malipo. Ni haki yao kuuza wanavyotaka, nami nina haki ya kununa.

Procreate naiweka ya tatu, na najua wapenzi wake hawatafurahi. Ilitoka mwaka 2011, hutengenezwa Hobart huko Tasmania, hulipiwa mara moja, na hakuna programu ambayo mtu asiyejua chochote huizoea haraka kama hii. PSD zake hutoka na leya zake. Tatizo ni kwamba huendeshwa kwenye vifaa vya kampuni moja tu, Apple, na kazi zako hukaa ndani ya ghala la programu yenyewe mpaka utakapozitoa mwenyewe moja moja au kwa mafungu. Ukiifuta programu hiyo ili upate nafasi kwenye kishikwambi, ghala hufutika pamoja nayo. Lipo pia jambo la idadi ya leya, ambalo humshtua mgeni. Ukurasa wa A4 wenye pikseli 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, na leya moja kamili ya ukubwa huo hudai takriban megabaiti 35 za kumbukumbu. Procreate hupiga hesabu hiyo na kukuwekea kikomo kulingana na kifaa chako, hivyo mwenye kishikwambi cha zamani anaweza kujikuta akiunganisha leya kabla hajamaliza kupaka rangi.

Photoshop ni kichekesho kwenye mwongozo huu, kwa sababu tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya hupatikana kwa kulipia kipindi hadi kipindi, na ukiacha kulipa programu husimama, lakini faili lake ndilo linaloweza kufunguliwa kwingi kuliko yote. Kwa kuhariri picha za kamera haina mpinzani wa kweli. Kwa kujifunza kuchora, ni kukodi kiwanda ili ushone kifungo.

Ikiwa nia yako ni picha za kamera na hutaki kukodi, angalia Affinity na GIMP. Affinity, kazi ya kampuni ya Serif ya Uingereza, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikaanza kutolewa bila malipo kwa mwenye akaunti ya Canva. Zana zake ni nzuri sana, ila faili lake la asili halizoeleki nje ya nyumba yake, kwa hiyo hifadhi na PSD kando. GIMP ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley mwaka 1995, na toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, hatimaye limeruhusu vichujio vinavyoweza kubadilishwa au kuondolewa baadaye bila kuiharibu picha iliyo chini. Kwa kuchora kuanzia mwanzo mkono wangu haujawahi kustarehe ndani yake, na hapo nakiri ni suala la mazoea.

Programu za simu kama ibisPaint na MediBang Paint zinatosha kuonja, na kama simu ndiyo kifaa pekee ulicho nacho, anza nazo. Matangazo utayavumilia.

Ninachoshindwa kukivumilia ni lugha ya wauzaji. Bei huandikwa kwa herufi kubwa kama ya mwezi, kisha chini, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, unaambiwa umeahidi mwaka. Jaribio la bure hudai kadi ya benki kabla hujaona hata turubai. “Lipa mara moja” huja kumaanisha mara moja kwa toleo hili. Kisha wako wale wa mitandaoni wanaouza “leseni ya maisha” ya programu ambayo mwenye nayo haiuzi kwa mtindo huo kabisa. Huyo anakuuzia akaunti ya mtu mwingine au nambari ya wizi, na siku ikizimwa hutampata wa kumlalamikia. Nunua kwa mtengenezaji mwenyewe au kwenye duka analolitaja kwenye tovuti yake, na kabla hujalipa tafuta ukurasa unaoeleza namna ya kusitisha. Ukiwa mgumu kupatikana kuliko kitufe cha kununua, umeshapata jibu.

Ule mwezi mmoja niliolipia kwa ajili ya gauni sikuuacha upite bure. Nilikaa jioni tatu nikizifungua picha zote 27, nikazihifadhi moja baada ya nyingine kama PSD, nikahakikisha kila moja inafunguka ndani ya Krita ikiwa na leya zake, ndipo nikaiondoa ile programu kwenye kompyuta. Wiki ya tano mteja aliandika tena. Alikuwa amelitazama gauni la njano kwa muda na akaona lile la kijani lilikuwa zuri zaidi.